Dakika 60 kwa kila mtoto: jinsi ya kupanga mazoezi ya shule nzima, si ya timu peke yake

Shule nyingi za Kenya kati ya Nakuru na Ziwa Victoria zina timu. Zenye mazoezi ni chache. Timu ni watoto ishirini na kitu wenye miguu mepesi tangu zamani, wanaopewa jezi na kupakiwa kwenye basi kwenda mashindano ya zoni. Waliobaki, hata wakiwa 700, kazi yao ni kupiga makofi kando ya uwanja. Mwongozo huu ni wa hao 700. Unamfaa mwalimu wa michezo, mwalimu wa darasa, naibu anayeshika ratiba, na mzazi aliye kwenye bodi ya shule.

Kipimo cha kuanzia ni cha Shirika la Afya Duniani, kilichotolewa upya mwaka 2020: mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya wastani au nzito, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kutoa jasho jingi na ya kukaza misuli na mifupa, kama kuruka, kupanda na kuvuta kamba. Takwimu za mwaka 2016 za shirika hilo zilionyesha kwamba duniani kote asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kipimo hicho, na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana.

Kuijua shughuli ya wastani hakuhitaji mashine. Mtoto akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, hiyo ni wastani. Akiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, hiyo ni nzito. Akiimba vizuri kabisa, bado hajaanza.

Kwanza, jua nani anatembea na nani anakaa

Usipange lolote kabla ya kuuliza darasa maswali matatu: unakuja shuleni kwa njia gani, unachukua dakika ngapi, na ukifika nyumbani unafanya nini mpaka usiku. Andika majibu kwenye daftari, darasa moja kwa siku. Kazi yote inaisha kwa wiki mbili.

Utakuta shule moja ina watoto wa aina mbili. Yule anayetembea kilomita 3 kutoka vijiji vya Seme, kisha jioni akachota maji na kufuata ng'ombe, ana dakika 60 zake hata kabla hujapuliza filimbi, mradi hatembei kwa kukokota miguu. Huyu hahitaji mizunguko mingine ya uwanja. Anachokosa ni mazoezi ya nguvu, wepesi na ustadi: kuruka, kurusha, kudaka, kujisawazisha. Yule anayeshushwa na boda boda langoni, akakaa darasani, akala, akaenda tuisheni, kisha akashikilia simu ya mama hadi saa tatu usiku, anahitaji muda wenyewe wa kutembea na kukimbia. Shule za mitaa ya Milimani, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, zina wengi wa aina hii. Ukiwapa wote mizunguko mitano, wa kwanza utamchosha bure na wa pili utamchukiza.

Uliza pia, kwa siri na si mbele ya wenzake, nani huja bila kunywa chai. Kama watoto wengi wanasubiri uji wa saa nne, mazoezi mazito yawekwe baada ya uji, si kabla. Baada ya githeri ya mchana (nyoyo, kwa walio upande wa ziwa) subiri angalau dakika 45.

Pili, tafuta dakika kwenye ratiba

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Tangu somo la michezo liunganishwe na sanaa katika mtaala wa umilisi, ni rahisi vipindi vyote vya wiki kuishia kwenye kuchora na kuimba huku mwalimu akisema somo limefundishwa. Kisha Gredi ya 6 na ya 9 zikikaribia mtihani, kile kipindi kimoja kilichobaki kinamezwa na Hisabati.

Mwambie mwalimu mkuu mambo mawili. La kwanza ni la kisheria: Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri kwa masomo, na saa 9:30 hadi 10:45 kwa shughuli nje ya masomo. Muda huo wa alasiri si wa marudio. La pili ni la kielimu: tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba kuongeza muda wa mazoezi hakushushi alama, na kwamba watoto hutulia zaidi darasani baada ya kutikisa mwili. Usimwahidi kwamba alama zitapanda. Zisipopanda, mpango utafutwa na jina lako litakuwa juu yake.

Kisha gawanya dakika 60 vipande vipande, kwa maana hakuna ratiba itakayokupa saa nzima kwa mkupuo:

- Kabla ya gwaride, dakika 10: kutembea kwa kasi kuzunguka uwanja, kila darasa likiongozwa na kiranja wake.
- Mapumziko ya asubuhi, dakika 10 za mchezo huru, vifaa vikiwa nje tayari.
- Kipindi cha michezo, dakika 18 za mwendo halisi, siku kilipo. Siku ambazo hakipo, weka mapumziko mawili ya dakika 5 darasani katikati ya vipindi viwili vilivyofuatana.
- Alasiri, dakika 25 kwa wote kabla timu haijaanza mazoezi yake.

Jumla ni dakika 63 siku ya kipindi na 55 siku nyingine, na kipimo ni wastani wa wiki, kwa hiyo usigombane na dakika tano.

Hali ya hewa nayo ibadilishe ratiba. Kisumu mchana hufika nyuzi 30 hivi, na mvua ya radi hupenda kushuka alasiri, hasa Machi hadi Mei. Kwa hiyo shule za kandokando ya ziwa zisitegemee kipande cha alasiri muhula wa kwanza unapoisha na wa pili unapoanza. Kipande kikubwa kiwe kabla ya saa nne asubuhi, au mara baada ya uji pale wengi wanapokuja bila kunywa chai. Nakuru ni kinyume: Julai asubuhi ni baridi na misuli imekaza, kwa hiyo alasiri ni bora. Januari na Februari shida ya Nakuru ni vumbi. Nyunyiza maji kwenye sehemu iliyo wazi, au hamia penye nyasi, kwa kuwa wenye pumu ndio watakaoanza kukohoa. Huko Ahero na uwanda wa Kano, udongo mweusi ukinyeshewa hunata kwenye viatu, na ukikauka hupasuka nyufa zinazomeza kifundo cha mguu. Ziba nyufa kwa murramu, na usiruhusu mbio uwanjani mpaka kidole cha mguu kisiache alama.

Tatu, tengeneza vifaa

Mpira mmoja kwa watoto 60 una maana kwamba watoto 58 wamesimama. Kwa darasa la 60 unahitaji kamba fupi 20, kamba ndefu 2, mipira 10 ya kutengeneza, chupa 24 za alama na matairi 8. Karibu vyote vinapatikana bila kununua.

*Kamba fupi.* Mtoto akikanyaga katikati, ncha zifike kwapani. Kwa Gredi ya 4 ni kama mita 2.2. Kamba ya katani huchambuka nchani, basi piga fundo na uzungushie kipande cha tyubu ya baiskeli. Ya nailoni choma ncha kwa moto iyeyuke, kisha acha ipoe kabla ya kushika. Kamba nyembamba mno haizunguki vizuri na huchapa miguu. Unene wa kidole kidogo unatosha. Ndefu iwe mita 5, wawili wazungushe na wengine waruke.

*Mpira.* Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ule mpira wa juala tuliokua nao sasa malighafi yake ni adimu. Tumia vitambaa vikuukuu: kunja kitambaa kimoja kiwe donge gumu, zungushia vipande vingine mpaka upate upana wa sentimita 15 hadi 18, funga kwa uzi wa katani kwa mtindo wa wavu, kisha vika ukanda wa tyubu juu. Bila tyubu, vitambaa hunywa maji mvua ikinyesha na mpira unakuwa mzito kama jiwe. Kwa sababu hiyo hiyo, mpira wa kutengeneza usipigwe kichwa.

*Alama.* Chupa za nusu lita, theluthi moja iwe mchanga. Mistari ichorwe kwa majivu. Chokaa ikiingia jichoni huunguza, na oili chafu huua nyasi na kuchafua udongo.

*Milingoti ya goli.* Hili halina mzaha. Goli la vyuma lililosimamishwa tu chini linaweza kumwangukia mtoto aliyelining'inia na kumuua. Lizikwe sentimita 60 na kumiminiwa saruji, au libanwe nyuma kwa vigingi vya chuma au mifuko ya mchanga isiyopungua minne. Mti wa mkaratusi unafaa, lakini mchwa huula pale unapoingia ardhini, kwa hiyo usukume kwa nguvu kila mwanzo wa muhula, ukicheza, ubadilishe.

Nne, kipindi chenyewe

Vipindi ni dakika 30 kwa madarasa ya chini, 35 kwa Gredi ya 4 hadi 6, na 40 kwa sekondari msingi. Tuchukue 35: dakika 4 za kutoka na kujipanga, 5 za kupasha mwili moto, 18 za kazi yenyewe, 3 za maji, 5 za kutuliza mwili na kurudi. Lengo ni watoto kuwa kwenye mwendo angalau nusu ya kipindi. Mwalimu akihutubia dakika 10 juu ya kanuni za voliboli, hesabu imeharibika.

Kupasha moto kuwe kwa kutembea, kukimbia polepole, kuinua magoti, kuzungusha mabega, kuruka kando. Kule kusimama na kunyoosha misuli kwa muda mrefu kuache kwa mwishoni.

Kwa dakika 18, gawa watoto 60 katika vikundi 6 vya watoto 10, na vituo 6. Kila kituo dakika 3, pamoja na sekunde 20 za kuhama kwa filimbi:

1. Kamba fupi, wawili wawili kwa zamu: mmoja anaruka, mwenzake anahesabu na kukimbia papo hapo.
2. Kupasiana mpira kwa mikono, watoto watano kwa duara, mipira miwili kwa kila duara.
3. Mbio za kupokezana za mita 15, mistari mitatu au minne. Mstari ukizidi watoto wanne, kusubiri kunazidi kukimbia.
4. Matairi: kuingia na kutoka kwa miguu miwili, kisha kwa mguu mmoja.
5. Nguvu: kusukuma ukuta kwa wadogo, kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono (pushapu) kwa wakubwa, kuchuchumaa mara 10, kujishikilia kwa viwiko sekunde 15.
6. Kati: mchezo wa kukwepa mpira, warushaji pembeni na wengine katikati.

Kati ndio mchezo unaopendwa kuliko yote, na ndio unaokosewa zaidi. Kwa kanuni za mtaani, anayepigwa na mpira anatoka. Anayetoka wa kwanza ni nani? Ni yule mzito, mwoga, mgonjwa wa juzi, yaani yule ambaye mpango huu ni wake. Baada ya dakika moja amekaa kivulini. Badilisha: anayepigwa anakuwa mrushaji, na mrushaji anaingia katikati. Kanuni hiyo itumie kwenye kila mchezo wa kutoana. Ukiona mchezo unapunguza wachezaji kadiri unavyoendelea, urekebishe au uuache.

Kwa Gredi ya 1 hadi 3 usipange vituo. Brikicho (kujificha na kutafutana), kuigiza wanyama, kukimbizana na kuruka bladaa (ukanda wa mpira) vinatosha, na wao hawajui kuchoka mpaka uwaambie.

Mvua ikinyesha, sukuma madawati ukutani ikiwezekana. La sivyo, kila mtoto asimame kando ya dawati lake: kukimbia papo hapo sekunde 30, kuchuchumaa na kusimama mara 10, kupiga makofi juu ya kichwa huku miguu ikifunguka na kufunga mara 20, kisha rudia. Wimbo wenye mdundo unasaidia kuliko filimbi, na darasa la jirani halitalalamika sana.

Jambo moja la kukataza kabisa: mazoezi yasiwe adhabu. Kuruka chura kwa kuchelewa, mizunguko kwa kutomaliza kazi ya ziada. Adhabu ya kimwili imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na hata isingepigwa marufuku, mtoto anayekimbizwa kwa makosa ya Jumatatu hatakimbia kwa hiari Jumanne.

Tano, wasichana kuanzia Gredi ya 6

Ukikaa kando ya uwanja muhula mmoja utawaona wakipungua. Sababu mara nyingi si uvivu. Chunguza hizi kwa mpangilio huu.

Mavazi. Sketi ya shule haifai kuruka mbele ya wavulana. Ruhusu baika au kaptura ndani ya sketi, au suruali ya michezo, na mwenye hijabu acheze nayo. Mtandio uchomekwe vizuri usikamatike. Kama familia haiwezi kununua nguo ya pili, kaptura ya nyumbani inatosha, isiwe lazima iwe na rangi ya shule.

Mahali pa kubadilishia. Darasa moja lifungwe kwa dakika 4, mwalimu wa kike mlangoni. Choo chenye foleni si mahali pa kubadilisha nguo.

Hedhi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yanaitaka serikali kuwapa sodo bure wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Shehena ikichelewa, weka akiba ndogo kwa mwalimu mmoja wa kike anayejulikana. Waelezwe kwamba mazoezi mepesi hayadhuru wakati wa hedhi na huweza kupunguza maumivu, lakini anayesema leo hawezi, aaminiwe bila kuhojiwa mbele ya darasa.

Uwanja. Wavulana na mpira wa miguu hula uwanja wote. Gawa kwa mstari wa majivu na uandike siku. Netiboli inahitaji mita 30.5 kwa 15.25, lakini kwa mazoezi nusu yake inatosha. Kisha waulize wenyewe wanataka nini. Kuna shule utakakosikia raga au kandanda, kwingine wataomba kudansi. Dakika 20 za kudansi zenye jasho ni dakika 20 kamili, hata kama mwalimu mzee wa riadha atakunja uso.

Sita, afya na usalama

Mwanzoni mwa mwaka tuma fomu fupi kwa wazazi: pumu, kifafa, moyo, siko seli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), dawa anazotumia, namba ya simu. Siko seli ina wagonjwa wengi Nyanza na Magharibi kuliko sehemu nyingi za nchi, na kosa la kawaida ni kumweka mtoto huyo kando mwaka mzima, au kinyume chake, kumlazimisha amalize mbio na wenzake. Anaweza kucheza. Anywe maji kabla hajaona kiu, apumzike kila anapotaka, asikimbizwe kwa saa, asilowe mvua wala kukaa kwenye baridi. Akilalamika maumivu ya ghafla ya kifua, viungo au tumbo, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Mwenye pumu awe na inhela yake uwanjani, si ofisini. Aliyetoka kuugua malaria arudi polepole.

Maji: mililita 200 kwa mtoto mara 60 ni lita 12, hivyo mtungi mmoja wa lita 20 wenye koki unatosha kipindi. Yawe yamechemshwa au kutiwa klorini. Kila mtoto aje na kikombe au chupa yake.

Radi huko Kakamega na Kisii si hadithi. Ukisikia ngurumo, kipindi kimekwisha: wote waingie ndani ya jengo, si chini ya mwembe, si kwenye kibanda cha jukwaa. Wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Kifundo kikiteguka: pumzisha, weka baridi iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu. Asisuguliwe kwa mafuta ya moto siku hiyo. Aliyegongwa kichwa atolewe na asirudi mchezoni siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, hospitali. Wanaocheza pekupeku, kagua vioo, misumari na miiba kabla ya kila kipindi, na ukiona funza kwenye vidole, muite mzazi kwa utulivu badala ya kumfukuza mtoto. Kuogelea ziwani kusiwe sehemu ya mpango wowote wa shule: kichocho, viboko na kuzama vinatosha kukataza.

Mtoto mwenye ulemavu apewe kazi ya kutembeza mwili, si ya kushika filimbi. Kwa asiyeona, mkebe wenye kokoto ndani uliofungwa kwa kitambaa unakuwa mpira unaosikika, wenzake wakinyamaza. Kwa mwenye kiti cha magurudumu au mguu dhaifu, voliboli ya kukaa kwenye nyasi, kamba iliyofungwa kimo cha mita 1 hivi ikiwa wavu, wote wakikaa chini pamoja naye. Darasa zima huchoka haraka kuliko linavyodhani.

Saba, pima watoto wanaotembea, si vikombe

Mara moja kwa mwezi, mwalimu mwenzako akae kando na daftari. Achague watoto 6 bila kuwaambia, mmoja awe yule wa nyuma kabisa. Kila dakika awatazame kwa zamu na kuandika: 0 akisimama au kukaa, 1 akitembea, 2 akikimbia au kuruka. Mwishoni hesabu, kwa kila mtoto, alama za 1 na 2 zimechukua dakika ngapi kati ya 35. Zikiwa chini ya 17, tazama zero zimekusanyika wapi. Zikiwa mwanzoni, unaongea sana. Zikiwa katikati, mistari ni mirefu au vifaa ni vichache. Zikiwa za mtoto yule yule mmoja, mfuate umuulize taratibu baada ya kipindi. Huenda hana viatu, hana chakula, au kuna anayemcheka.

Vifaa vihesabiwe kila Ijumaa na viranja wawili, na viwekwe mahali ambapo funguo zinapatikana hata mwalimu wa michezo asipokuwepo. Kamba 20 zilizofungiwa stoo huku funguo ziko na timu kwenye uwanja wa Bukhungu, Kakamega, ni sawa na kutokuwa na kamba.